Fizikia ya Mpemba

Niliombwa niongee na wanachuo wa ualimu wa sayansi wanaomaliza mwaka huu, mada niliyopewa ni "uhuru wa kufikiri". Wengine wakaniomba niiweke kwa maandishi, basi hii hapa, nimeandika karibu kabisa na nilivyoongea ila itifaki nimeikata maana ilikuwa ndefu kuliko hotuba.

Jamani, mada mliyonipa ni kubwa, na mimi ni mwalimu wa fizikia tu, falsafa siijui. Kwa hiyo nitaongea kuhusu friji.

Kuna mwalimu mwenzetu mmoja alikuwa anafundisha fizikia shule ya Mkwawa, Iringa, miaka ya sitini. Jina lake hatulijui ila sentensi yake imesomwa dunia nzima, iko kwenye jarida la fizikia la Uingereza mpaka leo. Mwanafunzi alimuuliza swali, akajibu, mwanafunzi hakuridhika akauliza tena, mwalimu akaona huyu sasa ananichosha, akamwambia mbele ya wenzake kwamba ninachoweza kusema ni kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Na kuanzia hapo yule kijana akikosea hesabu kidogo tu wenzake wanapokea, hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Nani anaijua habari ya Mpemba, nyoosheni mikono. Naona mikono mitano, sita, na wengine mnadhani naongelea mtu wa Pemba. Haya. Mwanafunzi wa fizikia wa Ulaya au Marekani ukimtajia jina hili kuna uwezekano mkubwa analijua, sisi wenye kijana hatumjui.

Erasto Mpemba, mwaka 1963, yuko Magamba Sekondari kule Lushoto. Wavulana pale walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe ndipo unayaweka sehemu ya kugandishia kwenye friji. Sasa friji moja na wavulana ni wengi, nafasi ni ya kugombania kama siti ya daladala saa kumi na mbili jioni. Siku hiyo Mpemba ameshachemsha maziwa yake, bado yanafuka moshi, anamuona mwenzake anachanganya maziwa na sukari bila hata kuchemsha, anamimina kwenye trei awahi nafasi. Mpemba akapiga hesabu kwamba akisubiri yapoe nafasi imeenda, na wote walishaambiwa vitu vya moto vinaharibu friji. Akaamua liwalo na liwe, akaingiza ya moto hivyo hivyo. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kufungua, trei ya Mpemba imeshaganda, ya mwenzake bado ni kitu kizito kizito tu hakijashika.

Naomba mkae hapo kwanza msikimbilie mbele. Mara ngapi jambo kama hili limetokea mbele ya macho ya watu na likapita? Wauza aiskrimu walikuwa wanalijua, Mpemba mwenyewe alikuja kukutana na rafiki yake anayeuza aiskrimu Tanga mjini, akamwambia sisi huwa tunaweka mchanganyiko ukiwa wa moto, unaganda haraka, basi, biashara inaendelea. Na vitabuni pia lilikuwepo, Aristotle aliliandika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, Francis Bacon akalitaja, Descartes naye, halafu sayansi ya joto ilipokuja kukaa sawa jambo hili halikukaa vizuri ndani yake, likaachwa pembeni, watu wakasahau. Yaani muuza aiskrimu anajua lakini hana sababu ya kuuliza kwa nini, na msomi mwenye uwezo wa kuuliza kwa nini ameshaamua kwamba halipo. Huyu mtoto wa Magamba ndiye aliyeliona na akataka kujua.

Akamuuliza mwalimu wake wa fizikia pale Magamba, imekuwaje. Akajibiwa kwamba ulichanganyikiwa, haiwezekani. Akakubali. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana tukisimulia habari hizi huwa tunamgeuza mtoto kuwa shujaa anayebishana na kila mtu, hapana, huyu kijana alikubali jibu la mwalimu, kama ambavyo ningekubali mimi na wewe. Ila alichokiona kwenye friji hakikuondoka kichwani.

Akapasi, akaenda Mkwawa. Huko wakafundishwa sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, akaona sasa ndo mahali pake, akauliza, mwalimu, mbona maziwa ya moto na ya baridi ukiyaweka friji kwa pamoja ya moto yanaganda kwanza. Ndipo likaja lile jibu nililoanza nalo.

Baada ya hapo Mpemba alifanya kitu ambacho kwangu mimi kinazidi hata lile swali lake. Siku moja mchana akakuta leba ya bailojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akajaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto kutoka kwenye boila, akazitia kwenye sehemu ya kugandishia ya friji la leba, akaondoka. Akarudi baada ya saa moja. Akakuta hakuna iliyoganda yote, ila ile ya moto ina barafu zaidi. Na alipokuja kuandika kisa hiki akasema wazi kwamba hayo hayakuwa matokeo ya kumaliza ubishi, akapanga arudie akipata nafasi.

Mnaona hapo? Mtoto amechekwa darasa zima, amepewa jina la kejeli, ana hamu ya kuonyesha kwamba alikuwa sahihi, ushahidi umeanza kumwelekea, na bado anasema ngoja, hii haijatosha. Sasa hivi ukitoa maoni kwenye grupu la WhatsApp mtu akakubishia, ukapata klipu moja ya sekunde thelathini inayokuunga mkono, si unairusha hapo hapo na emoji za kucheka? Kuna watu wengi siku hizi wanasema mimi nafikiri mwenyewe, sidanganyiki na wasomi, sidanganyiki na serikali, halafu ukimuuliza hilo umelijuaje anakutumia video ya jamaa mwingine anayeongea kwa kujiamini. Huyo kabadilisha mwalimu tu. Alikuwa anakariri kwa huyu sasa anakariri kwa yule.

Basi, akaja mgeni Mkwawa, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu pale Dar es Salaam, Mwingereza. Katoa mhadhara, yakafika maswali. Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, ukaweka maji kiasi sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakaanza kuchekana na kuguna, huyu anatutia aibu mbele ya mgeni. Osborne akatabasamu, akaomba arudie swali. Akarudia. Akamuuliza, ni kweli, umefanya? Akajibu ndiyo nimefanya. Osborne akasema sijui, lakini nikirudi Dar es Salaam nitalijaribu.

Mgeni kaondoka, kesho yake vita ikaendelea. Wenzake wakamwambia umetuaibisha, wengine wakamuuliza hivi ile mada ya Newton uliielewa kweli, akawajibu nadharia na vitendo ni vitu viwili. Wakamwambia hatushangai, ndo fizikia ya Mpemba hiyo.

Dar es Salaam nako kuna kichekesho, ila ni kichekesho cha kuliza. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ile. Fundi akafanya, akaja kuripoti kwamba maji yaliyoanza na moto kweli yameganda kwanza, lakini, akasema, tutaendelea kurudia jaribio mpaka tupate jibu sahihi.

Mmecheka. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza, halafu nikakumbuka ni mara ngapi nimeona hicho kitu kwenye praktiko zetu. Mwanafunzi anapima mvutano wa dunia kwa pendulamu, anapata 9.2, anafuta, anaandika 9.8 kwa sababu kitabu kinasema 9.8, mwalimu anapita anatia tiki. Wote wawili wanajua. Tumemfundisha nini mtoto huyo? Tumemfundisha kwamba macho yake yakitofautiana na kitabu, macho ndo yafutwe na raba. Na huyo huyo kesho anakuwa muuguzi, mhasibu, askari wa barabarani, mtu wa uchaguzi kwenye kituo cha kupigia kura, na ameshazoea kwamba namba inaandikwa ile inayotakiwa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida linaitwa Physics Education, mwanafunzi anasimulia sehemu yake, dokta anasimulia yake, na Osborne akaandika humo kwamba kisa hiki kinaonyesha hatari ya fizikia ya kiimla. Jambo lenyewe likaitwa kwa jina la Mpemba. Yeye baadaye alisoma chuo cha wanyamapori Mweka na kazi yake ikawa ya wanyamapori, hakuwa mwanafizikia.

Sasa tuje darasani kwetu, huko mnakokwenda. Mwalimu anamaliza mada, anafuta ubao, anageuka: mmeelewa? Darasa zima kwa sauti moja, ndiyoooo mwalimu. Kuna swali? Hapanaaa mwalimu. Kengele. Mmeshasikia hiyo kwaya tangu chekechea mpaka juzi, mkiwa nyie ndo waimbaji. Na yule mmoja anayenyoosha mkono kuuliza tunamwitaje? Kiherehere. Mjuaji. Anatuchelewesha kwenda kula. Nyumbani ni hivyo hivyo, mtoto akimuuliza baba yake kwa nini, anaambiwa unabishana na mimi? Mimi siyo mtu wa kusema tuwatupe wazee wetu ili tufikiri vizuri, adabu ni kitu kizuri na mtoto asiye na adabu hata swali lake halisikilizwi. Ila shikamoo ni ya mtu. Hoja haiamkiwi, hoja inaulizwa.

Halafu kuna kitu kingine huwa hatukisemi kwa sauti. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Mtoto ametoka shule ya msingi ya Kiswahili, yuko fomu wani, ana swali zuri kabisa, lakini kabla halijatoka inabidi atafute kama ni "does" au "did", akikosea darasa linacheka, kwa hiyo swali linafia mdomoni. Na ukutani kuna kibao kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hapa ni Kiingereza tu. Mpemba swali lake la Mkwawa aliliuliza kwa Kiingereza, sawa, aliweza, lakini wangapi hawakuweza? Nawaambia kama mwalimu mzee, mkiingia darasani mruhusuni mtoto aulize kwa lugha anayoiwazia, jibu mtalipeleka kwenye Kiingereza cha mtihani baadaye pamoja naye. Mkaguzi akija mwambie mimi ndo nimesema, ila msitaje jina.

Mwalimu Nyerere mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea aliandika kwamba elimu yetu lazima ijenge kwa kila raia akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kukikataa au kukirekebisha kile anachojifunza kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Tumeichukua ile ya jembe, tukalima sana mashamba ya shule, hii ya kudadisi tukaiacha kwenye kijitabu. Nafikiri hata serikali ya wakati ule, kwa heshima zote, haikuwa tayari sana kudadisiwa. Ni kawaida. Kila mwenye mamlaka anapenda ufikiri mwenyewe ukiwa unawafikiria wapinzani wake. Mnaukumbuka ule msemo wa mbayuwayu, akili za kuambiwa changanya na zako? Ni msemo mzuri kuliko yote kwenye mada hii, na Rais Kikwete aliutumia 2010 wakati wa sokomoko la mgomo, akiwaambia wafanyakazi wasiburuzwe na viongozi wao wa vyama. Sijawahi kumsikia kiongozi anausema akimaanisha maneno yake yeye mwenyewe.

Sasa nani ataniambia hii ni mambo ya vitabu tu, maji yagande haya au yale, inanihusu nini. Wengi wenu 2011 mlikuwa watoto wa shule ya msingi, lakini mnaikumbuka Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu, pale kijiji cha Samunge, alisema ameoteshwa na Mungu dawa, mizizi ya mti wa mugariga inachemshwa, kikombe kimoja kwa mtu, shilingi 500, unapona kisukari, saratani, pumu, mpaka Ukimwi. Foleni ya magari ikaenda kilomita na kilomita porini, wengine wakafia kwenye foleni kabla ya kufika kwenye kikombe, wakubwa wakaenda kwa helikopta. Mawaziri na wabunge walikunywa na picha tuliziona.

Sitaki mumcheke Babu, alishafariki 2021, na shilingi 500 siyo bei ya tapeli, waliotajirika ni wenye magari. Wala sitaki mumcheke mama aliyeuza mbuzi apeleke mtoto wake. Mama yule alikuwa na mgonjwa na hospitali imeshamwambia haiwezekani. Ninaowauliza ni sisi wenye vyeti tuliokuwa kwenye ile foleni, na tulikuwa wengi, walimu, wahandisi, mpaka watu wa afya. Mantiki ilikuwa inaenda hivi: mkulima anasema kama mwalimu kaenda basi kuna kitu, mwalimu anasema kama waziri kaenda basi kuna kitu, na waziri anaangalia umati wote ule anasema watu wote hawa hawawezi kukosea. Ni duara. Kila mmoja ameazima akili ya mwenzake na hakuna hata mmoja aliyeweka akili yake pale katikati. Serikali ilipotoa kauli kwamba dawa haina madhara ukinywa, watu wakasikia inaponya, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, maji ya kunde nayo hayana madhara.

Swali lililotakiwa ni lile lile la Osborne. Umefanya? Umempima nani kabla, ukampima baada, wangapi, muda gani umepita? Madaktari waliowaambia watu jamani kunyweni kama mnataka ila msiache ARV walikuwa wanajaribu kuliuliza, wakaonekana hawana imani. Na wapo walioacha dawa, na wapo waliozikwa.

Hapa kuna mtu atasema basi kufikiri mwenyewe maana yake usimwamini mtu yeyote. Hapana bwana. Mimi sijawahi kukiona kirusi kwa macho yangu, sijawahi kupima umbali wa jua, karibu kila ninachofundisha nimeazima. Mtu mmoja hawezi kujaribu kila kitu, maisha hayatoshi. Tofauti iko kwenye namna ya kuazima. Ukiazima kwa mtu ambaye ukimuuliza umejuaje anakuonyesha alichofanya, na anakuachia mlango ukafanye mwenyewe ukitaka, hapo umeazima kwa akili. Ukiazima kwa mtu ambaye ukimuuliza umejuaje anakasirika, angalia sana.

Na nitoe mfano mwingine, wa jirani zaidi, mkuu wa chuo utanisamehe. Mei 2020 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba walipeleka maabara sampuli za papai na mbuzi zikiwa zimepewa majina ya watu, na nyingine zikarudi zina corona. Watu wa nje walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kukipima kipimo ni jambo la kisayansi kabisa, ukinunua mizani mpya unaanza kwa kuweka jiwe unalojua uzito wake. Hatua ya kwanza naisifu, tena ningependa kila mwanafunzi wangu awe na shaka ya namna hiyo. Lakini baada ya hapo ilitakiwa wengine warudie, njia iliyotumika iwekwe wazi, maabara nyingine ipime papai lile lile, namba zitoke watu wabishane nazo. Badala yake takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka mzima hazikutoka nyingine. Shaka ikawa ya mtu mmoja tu. Wengine wote tukabaki na kazi ya kuamini au kutoamini, na hiyo siyo kazi ya akili, ni kazi ya ushabiki, kama Simba na Yanga.

Nirudi kwa Mpemba nimalizie, maana kuna sehemu ya habari hii wasimuliaji wengi wanaikata kwa sababu inaharibu utamu. Je, ni kweli maji ya moto yanaganda kwanza? Hadi leo wanabishana. Kuna waliosema ni uvukizi, maji ya moto yanapungua kwa hiyo yanabaki machache ya kugandisha. Kuna waliosema ni gesi zilizomo kwenye maji, kuna waliosema ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine wakasema chombo cha moto kinayeyusha barafu ya kwenye friji na kukaa vizuri zaidi juu ya ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliita watu watoe maelezo, yakaja maelfu kwa maelfu. Halafu 2016 watafiti wawili huko huko Uingereza wakapima kwa uangalifu mkubwa, wakasema sisi hatujaiona, na wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu juu au chini kwenye chombo unaweza kupata majibu yanayoonekana kama ya Mpemba wakati si chochote. Wengine bado wanasema ipo, ila kwenye mazingira fulani.

Kwa hiyo inawezekana kabisa yule mwalimu wa Mkwawa, kwenye jibu, hakuwa mbali sana na ukweli. Nataka mlimeze hilo. Tatizo lake halikuwa kwamba hakuamini. Osborne naye hakuamini, aliandika mwenyewe kwamba alidhani kijana amekosea. Wote wawili walikuwa na shaka ile ile juu ya mtoto yule yule. Mmoja akatumia shaka yake kumnyamazisha, mwingine akaipeleka maabara. Na hata mtoto akija kuonekana amekosea, huku kwa Osborne atakuwa amekosea kwa namba, na ataondoka na namba zake akajifunze kitu. Kule kwingine anaondoka na jina la utani.

Yakafuata maswali, nayaweka mawili.

Kijana mmoja aliuliza, mwalimu, darasa lina watoto themanini, mtoto akiniuliza kitu nisichokijua nikasema sijui si nitadharauliwa mpaka mwisho wa muhula? Nikamwambia utadharauliwa ukisema sijui ukaishia hapo. Sema sijui, liandike kwenye kona ya ubao, usilifute, mwambie yeye na wewe mnalileta Alhamisi, na Alhamisi ulilete kweli. Ukisahau, ndo dharau itakuja na utakuwa umeistahili. Akasema na silabasi je, mkuu wa shule anataka mada ziishe, anataka ufaulu. Ni kweli na sina dawa ya hilo, dakika tano kwa wiki haziui silabasi, zikizidi hapo utagombana na mkuu na mimi sitakuwepo kukutetea.

Binti mmoja wa nyuma akauliza, sasa wewe mwenyewe uliwahi kuyaweka hayo maji friji? Nimeyaweka, na majibu siwapi, maana nikiwapa mtaniamini. Nikawaambia nasikia kwa matroni hapa hosteli kuna friji linalogandisha vizuri, muombeni ruhusa, chukueni vikombe viwili vya aina moja, maji yatoke bomba moja, msivipange kimoja karibu na ukuta na kingine karibu na mlango, rudieni mara kadhaa kwa siku tofauti mkibadilishana nafasi za vikombe. Atakayepata ya moto na atakayepata ya baridi wote waje na daftari. Na kama mna kipimajoto, mwandike mlikiweka wapi.